Soya Mbichi Katikati ya Mfuko

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimesimama kwenye ngazi ya kombaini ya kukodi, mvua inanukia kusini, na mwenye kombaini ananiambia nisipovuna leo yeye anahamia kwa jirani. Najua wapo wasomaji walioniombea nifanye la maana. Poleni sana.

Kwa asiyekuwa nasi tangu mwanzo, naitwa Delmo Gariglio. Nalima ngano na soya huku Kolonia Las Acacias, mkoa wa Santa Fe, kwenye hekta mia tatu alizoacha baba yangu, marehemu Batista. Theluthi ni yangu, theluthi ya mama yangu Pierina, na theluthi ya mdogo wangu Zulema, ambaye tangu aolewe Rosario viatu vyake havijaonja tope.

Mwaka wa kwanza mvua ya mawe ilinilaza ngano chini. Wa pili ukaja ukame. Wa tatu mazao yalikubali, na ndipo mbolea, dawa na dizeli vikapanda bei mpaka nikawa navuna ili nimlishe muuza mbolea. Nikauza ng'ombe. Nikauza trekta kubwa. Nikatia nusu ya mbolea, nikapanda mbegu ya mavuno yangu badala ya kununua. Kila nilipobana huku, kule kulifumuka.

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba mtu mwenye akili angeacha kulima. Ni kweli. Lakini mtu huyo na aje anionyeshe mtu mwenye akili aliyezaliwa kwenye familia yetu.

Mwezi wa tatu Zulema alinipigia simu. Alisema ipo kampuni ya watu wa Buenos Aires inayokodi mashamba ya wajane na warithi, inalima maelfu ya hekta kwa watu sita tu, na imemfikia. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole wa Zulema ndio unaonitisha.

"Kaka, mimi sikufukuzi," akasema. "Ila nimechoka kusikia mwaka kesho. Baridi hii ukipanda ngano, tena ngano ya kweli yenye mbolea, endelea na shamba, sitasema neno. Usipopanda, theluthi yangu nawapa kampuni."

Ingekuwa theluthi nyingine, ningeng'ang'ana. Lakini baba hakutugawia kwa busara, alitugawia kwa kura. Alitia vipande vitatu vya karatasi kwenye kofia yake, kama walivyofanya baba zake waliokuja kutoka Piemonte, ng'ambo ya bahari, akatutaka tuchomoe bila kutazamana. Zulema ndiye aliyechomoa kipande chenye nyumba, kisima na njia ya kutokea barabarani. Akichukua chake, mimi na mama tunabaki na mashamba mawili yasiyo na mlango.

Basi ilikuwa lazima nipande ngano, na ngano kwenye udongo wetu uliochoka bila mbolea ya urea ni majani ya kutandikia kuku. Tani ya urea niliyozoea kuipata kwa tani moja na ushei ya soya, baridi hiyo ilitaka mbili na nusu. Ushirika wetu wa wakulima ulikubali tubadilishane mali kwa mali, soya yangu kwa urea yao. Kwa hiyo uhai wangu wote ulikuwa kwenye soya ile iliyosimama shambani huku mvua ikinukia.

Nilivuna. Jumatatu nilivuna sehemu ya juu, na soya ilikuwa kavu vizuri, ukiitafuna inavunjika. Jumanne nikashuka bondeni. Kule soya ilikuwa mbichi. Ushirika haupokei soya yenye unyevu unaozidi kumi na tatu na nusu kwa mia, na ile ya bondeni nilipoipima ilinipa ishirini.

Ya namna hiyo inatakiwa ipelekwe kwenye mashine ya kukaushia. Mashine inakunywa gesi, gesi ilikuwa imepanda bei kama kila kitu, na foleni ya malori ilikuwa ya siku nne. Nilipiga hesabu kichwani mara moja tu. Nikikausha, inayobaki haitoshi urea ya hata nusu ya shamba.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ninapoungama.

Siku hizi sisi hatuna maghala. Tunatandaza shambani mfuko mmoja wa plastiki, mweupe nje na mweusi ndani, mrefu mita sitini, unaonifika kifuani, na mashine inausokomeza nafaka kuanzia mwanzo mpaka mkia. Kwanza niliingiza soya kavu ya Jumatatu. Matrela mawili ya soya hiyo hiyo kavu niliyaweka pembeni, nikayafunika turubai. Kisha nikaingiza soya mbichi ya bondeni, yote. Halafu nikayafunua yale matrela mawili na kufungia mkia.

Si kwamba nilipitiwa, wala sikusukumwa na mvua. Nilipanga. Mtu wa ushirika akija kuchukua sampuli, huchoma bambo lake, lile bomba la kuchotea nafaka, kichwani na mkiani, penye njia. Katikati hakuna anayependa kwenda, maana pana tope, na kila tundu analotoboa kwenye plastiki analazimika kuliziba.

Mke wangu Mirta ndiye aliyekuwa anaendesha trekta dogo siku hiyo. Alichota soya kiganjani, akaifumba, akaifumbua.

"Delmo, hii inalowesha mkono."

Nikamwambia itakauka humo humo.

"Hakuna kitu kilichowahi kukauka ndani ya plastiki."

Nikamwambia kama ana hela ya gesi aiseme. Mirta akarudi kwenye trekta. Tangu siku hiyo alikuwa ananipakulia chakula bila kunitazama.

Mchukua sampuli wa ushirika ni Elvio. Tulisoma dawati moja, na ndiye aliyembeba binti yangu Luisina siku ya ubatizo, kwa hiyo tunaitana kompadre. Ana miaka thelathini na mmoja kwenye kazi hiyo. Huku kwetu watu wanamwogopa kuliko padri, maana padri anasamehe. Bambo la Elvio likisema kumi na tano, ni kumi na tano, hata ukilia.

Nilimwalika Jumapili, katikati ya mwezi wa sita, aje tule banyakauda kwanza, kazi baadaye. Banyakauda ni chakula chetu cha baridi: kitunguu saumu kingi na dagaa wa chumvi vinachemshwa pamoja ndani ya mafuta na krimu, sufuria inawekwa katikati ya meza, na kila mtu anachovya kabichi na mkate wake humo humo. Mtu uliyechovya naye sufuria moja si rahisi kumshuku. Hilo nalo nililipiga hesabu.

Elvio alikula kama kawaida yake. Alimtania mama kwamba safari hii amebania dagaa. Mama akamjibu kwamba dagaa nao wamepanda bei, aende akaulize ushirika. Tukacheka wote, hata Mirta kidogo.

Tulipomaliza mvinyo, nikasogeza sahani pembeni. Elvio aliinuka, akachukua bambo lake, lile refu la chuma.

"Kompadre, kalale," akaniambia. "Uso wako umekuwa mwekundu kama pilipili. Mfuko naujua, nitautembelea mwenyewe nishushe tumbo."

Nilijifanya nabisha, kisha nikaenda kulala. Sikulala. Nilijifunika blanketi mpaka machoni nikawa nahesabu dakika.

Nilipotoka, Elvio alikuwa jikoni anakunywa yerba, ile chai yetu chungu, na mama kwenye kibuyu kimoja. Karatasi ilikuwa mezani, imeshapigwa sahihi. Unyevu: kumi na tatu. Nilimtazama usoni nikamwona ametulia tu, anapuliza maji ya moto.

Nitawaambia nilichohisi, kwa kuwa nimeahidi kutoficha kitu. Sikuhisi aibu. Nilimcheka moyoni. Nilijisemea kwamba Elvio kazeeka, Elvio kawa mvivu, kachoma kichwa na mkia akarudi kwenye joto la jiko. Usiku wa siku hiyo nilimwiga mbele ya Mirta, jinsi anavyotembea na bambo begani kama askari wa gwaride. Mirta hakucheka.

Jumanne urea ikaja, magunia makubwa meupe, lori zima. Mpaka mwisho wa wiki ngano ilikuwa ardhini. Nilimtumia Zulema picha ya mashine ya kupandia, naye akanijibu kwa ujumbe mfupi: "Hongera, kaka. Neno langu ni lile lile." Kwa siku kumi nilikuwa mkulima kama baba yangu. Nilitembea nimevimba kifua, nikawapungia watu mkono barabarani.

Kisha likaja lile joto la Mtakatifu Yohana.

Kila mwaka, mwishoni mwa mwezi wa sita, katikati ya baridi, huwa tunapewa siku chache za jua kali. Wenzangu hulipenda jua hilo, huanika magodoro. Mwaka huu lilikaa siku tisa. Siku ya nne niliona mfuko umetuna katikati kama tumbo la ng'ombe aliyekula majani mabichi. Siku ya saba nilipita upande wa upepo, nikasikia harufu.

Ningependa kusema ilikuwa harufu ya siki, lakini siki ni chakula.

Nilikwenda saa watu wamelala mchana, nikachomeka fimbo ya chuma katikati, nikaichomoa. Ilikuwa ya moto, sikuweza kuishika kwa mkono mtupu. Soya iliyotoka nayo ilikuwa nyeusi, imegandana mabonge, inateleza. Nilichimbua hatua kumi mbele, ni vile vile. Hatua kumi nyuma, vile vile. Theluthi mbili za mfuko zilikuwa zimeoza, na mfuko ule haukuwa wangu tena. Ulikuwa wa ushirika, nilishakula urea yake.

Nilikaa chini kwenye mabua. Nililia, sina haja ya kuwaficha. Nililia kwa sababu kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba hata nikifanya kila kitu sawasawa kuanzia dakika ile, haisaidii kitu.

Nilipomwambia Mirta, aliketi.

"Kwa hiyo?"

Nikamweleza nilichokuwa nimekwisha kukifikiria njiani. Mkataba wetu na ushirika una mambo mawili. La kwanza, nafaka ikishapimwa na kupigwa sahihi ni yao, hata kama imelala shambani kwangu. La pili, mimi natakiwa kuulinda mfuko wasiutoboe wanyama, na tundu lolote nilizibe siku hiyo hiyo. Matundu yakiachwa wazi na nafaka ikaoza, nalipa mimi. Ila matundu yalikuwa yamezibwa, yote. Kazi hiyo alikuwa anaifanya mama.

Mama ana miaka themanini na mmoja. Tangu baba afariki halali mchana. Sisi tukilala, yeye huvaa koti la marehemu, huchukua ndoo yenye kitambaa na viraka vya gundi, akazunguka mfuko mzima taratibu akitafuta makucha ya peludo. Peludo ni mnyama mdogo mwenye gamba mgongoni, mchimbaji hodari, na pua yake inampeleka moja kwa moja kwenye nafaka. Katikati pale, penye harufu, walikuwa wanamwandama kila siku. Mama alikuwa amebandika viraka zaidi ya arobaini, vimepangana kama vifungo vya kanzu.

"Mfuko mzima, karatasi imepigwa sahihi," nikamwambia Mirta. "Wakifungua wakakuta uozo, watajiuliza wenyewe kwa wenyewe."

"Watamuuliza Elvio."

"Watamkaripia."

"Elvio amebakiza miaka miwili apate kiinua mgongo chake, Delmo. Yule meneja mpya wa ushirika hakaripii. Atasema Elvio kauza sahihi."

Hapo nikatoa neno ambalo nimelirudia kichwani kila siku tangu hapo. Nikasema, "Nani kamtuma awe mvivu?"

Mirta aliinuka, akaenda kulala chumba cha Luisina. Hajarudi mpaka leo ninapoandika.

Mwezi wa saba wote tuliishi hivyo. Ngano iliota vizuri kuliko mwaka wowote ninaoukumbuka, kijani inayouma macho, na kila asubuhi nilipofungua dirisha niliichukia. Elvio alipita mara mbili kuleta salamu za mke wake. Mara zote aliuliza mfuko unaendeleaje. Mara zote nilimjibu kwamba haujambo, kama tunayemzungumzia ni ndugu aliyelazwa hospitali.

Mara ya pili hakuondoka upesi. Alisimama langoni akachezea funguo.

"Wakija kutoa," akasema, "nitaomba niwe mimi mwenyewe kwenye mashine. Malori ya katikati nitayapeleka tofauti."

Sikumuuliza tofauti vipi. Nilidhani anazungumzia foleni. Mtu anayeficha kitu hasikilizi, anangoja tu mwenzake amalize aondoke.

Jumatano iliyofuata, asubuhi, ushirika ukapiga simu. Meli imefika bandarini, soya inahitajika, mashine ya kutolea itakuja Alhamisi alfajiri na meneja atakuwepo mwenyewe. Mirta ndiye aliyepokea. Alitutangazia mezani, tukala polenta, ule ugali wetu wa mahindi. Niliona mama ananawa mikono, kisha ananawa tena.

Baada ya chakula nilijilaza. Usingizi haukuja. Nikatoka kwenda kuutazama mfuko kwa mara ya mwisho ukiwa mzima.

Kwa mbali nilimwona mama na koti lake, ameinama katikati ya mfuko, penye tope. Nilijua anaziba. Nilijisikia vibaya, mwanamke wa umri ule kwenye baridi ile, nikakaza mwendo nimpokee ndoo.

Nilipomkaribia nikaona chini. Majani yote yalikuwa yametapakaa viraka vyeupe.

Mama alikuwa habandiki. Alikuwa anabandua.

Alikuwa anatia ukucha pembeni mwa kiraka, anakichanua taratibu, anakivuta, anakitupa, anahamia kingine. Nyuma yake matundu ya peludo yalikuwa wazi, moja baada ya jingine, na kila moja lilikuwa linatoa uji mweusi.

"Mama, unafanya nini?"

"Unaona ninachofanya."

"Kesho wanakuja. Wakikuta matundu wazi, tunalipa sisi. Wanachukua ngano. Zulema anachukua nyumba. Mama, utalala wapi wewe?"

"Sijui," akasema, akaendelea.

Nilimshika mkono. Ulikuwa wa baridi na umejaa gundi. Hapo ndipo alipoinuka, akashika kiuno, akanitazama jinsi alivyokuwa ananitazama utotoni nikirudi na nguo iliyochanika.

"Ile Jumapili ya banyakauda," akasema, "ulilala?"

Nilimwachia mkono.

"Mimi sikulala. Mimi nilikuwa hapa na ndoo yangu. Elvio hakuchoma kichwani wala mkiani. Alikuja moja kwa moja hapa uliposimama. Alichomeka bambo mpaka mwisho, akalitoa, akamwaga kiganjani. Akanusa. Akaitafuna. Halafu akakaa chini kwenye tope na suruali yake ya Jumapili."

Nilitazama chini, kwenye tope lile.

"Nilimwambia, Elvio, mwanangu, andika unachokiona. Akaniambia, Mama Pierina, miaka thelathini na mmoja naandika ninachokiona. Akaanza kunitajia watu. Akina Colombo, walioacha shamba kwa asilimia mbili za unyevu. Yule mjane wa kule kwenye mikalitusi, kwa asilimia moja na nusu. Akasema wote hao aliwaandikia kweli, na hakuna hata mmoja aliyebaki wa kula naye. Akasema soya hii ikiwa mbichi tu anaweza kuichanganya na kavu pale ghalani, kidogo kidogo, hakuna atakayejua. Akanishika mkono akaniapisha nisikwambie, usije ukaona aibu mbele yake."

"Alijua," nikasema.

"Alijua. Ila jua la Mtakatifu Yohana hakulijua. Hii haichanganyiki na kitu tena."

Upepo ulileta ile harufu usoni. Nilikumbuka nilivyomwiga mbele ya Mirta, bambo begani, nikataka ardhi inimeze.

"Basi ndiyo hivyo," mama akasema. "Viraka vikibaki, mfuko ni mzima na sahihi ni ya Elvio. Wanamfunga. Viraka vikitoka, ni sisi wazembe tulioacha peludo wale mali ya watu. Tunaondoka hapa." Alinipa lile bunda la viraka vipya lililobaki kwenye ndoo, akaliweka mkononi mwangu mwenyewe. "Nimebandua kumi na tisa. Mgongo unaniuma. Ama unisaidie kubandua, ama urudishe. Lakini usisimame tu, Delmo. Baba yako naye alikuwa anasimama tu."

Nilitazama ngano. Nilitazama nyumba, moshi wa jiko la Mirta, mikalitusi aliyopanda babu. Nawaapia nilikuwa nataka kuinama. Niseme tu ukweli, hata sasa sijui ningeinama nibandue au nibandike.

Ndipo niliposikia injini.

Huku kwetu hakuna mtu anayemwendea mtu saa za kulala mchana, labda polisi au mleta habari ya msiba. Lakini vumbi lilikuwa linakuja kwenye njia ya Zulema, na ndani ya vumbi niliona ile mashine ya kutolea nafaka, imevutwa na trekta, na nyuma yake gari la meneja. Meli haikungoja Alhamisi.

Elvio alikuwa amekaa juu ya trekta, kando ya dereva. Aliruka kabla halijasimama. Alikuwa anatabasamu, kompadre wangu, mkono ameuinua kunisalimu. Kisha pua yake ilimfikia kabla ya miguu. Alisimama. Akaona uji mweusi. Akaona majani meupe kwa viraka. Akamwona mama na ukucha wake kwenye kiraka cha ishirini.

Hakunitazama hata kidogo. Aliinama akaokota kiraka kimoja, akakipangusa tope kwenye paja, akakigandamiza juu ya tundu kwa viganja viwili. Gundi haikushika. Akakishikilia hivyo hivyo kwa mkono mmoja, na mwingine akaunyoosha kuokota kingine.

"Mama Pierina, umechoka," akasema kwa sauti ya juu ili meneja asikie. "Acha mimi nizibe."

"Niache, Elvio," mama akamjibu, akabandua.

Yeye akabandika. Mama akabandua. Hawakugombana. Walikuwa wanafanya kazi bega kwa bega, kama watu wanaochambua maharage, mmoja anajaribu kuifunika nyumba yangu na mwingine anajaribu kumfunika yeye.

Meneja alishuka kwenye gari na kitambaa puani. Karatasi ya Elvio, ile ya kumi na tatu, ilikuwa mkononi mwake. Aliisoma. Akautazama mfuko kuanzia kichwani mpaka mkiani. Akawatazama wale wawili kwa muda mrefu, na nilimwona anaanza kuelewa, ila hajajua aelewe lipi.

"Nataka kuuliza jambo moja," akasema. "Kati ya hawa wawili, mmoja anasema uongo. Mwenye mfuko huu ni nani?"

Mama akaacha kubandua. Elvio akaacha kubandika. Wote wawili wakageuka wakanitazama, na mimi nilikuwa nimesimama tu, nimeshika bunda la viraka ambalo hakuna hata kimoja kilichokuwa kimetoka.